Ya moto au ya baridi? Bia ya Waskoti tuliyoionja Mbeya

Hii ni hotuba niliyoitoa hapa Mbeya jioni moja ya mwezi wa 7, mbele ya wahudumu wa baa na hoteli na wamama wanaopika pombe za kienyeji. Nimeiandika kama nilivyoiongea maana wengi waliokosa wameniomba.

Shikamooni mama zangu mliokaa huku mbele. Vijana mambo vipi. Wa Iringa na Njombe kamwene, wa Rungwe na Kyela mughonile. Nawashukuru sana kuja na hili baridi, najua wengine mmetoka Uyole na Mbalizi na usafiri wa jioni mnaujua ulivyo, kwahiyo sitawachelewesha, ila pia sitakimbia maana kitu nilichokileta leo kinataka mtu aliyetulia.

Nianze na swali ambalo kila mhudumu humu ndani analiuliza kutwa nzima. Mteja ameshakaa, ameshataja bia yake, wewe unamuuliza nini?

Ya moto au ya baridi. Mmejibu kwa sauti moja, asanteni. Sasa hilo swali mgeni akilisikia kwa mara ya kwanza anashtuka, anadhani unataka kumchemshia bia kwenye sufuria, kumbe sisi tukisema ya moto tunamaanisha tu haijaingia kwenye friji, imekaa kwenye kreti nyuma ya kaunta na ina ubaridi wa hewa ya Mbeya. Na huku kwetu wazee wengi wanaitaka hivyo hivyo, ya moto, hasa miezi hii ya Juni na Julai ambapo usiku nyuzi zinashuka chini ya 10.

Mimi nilipoanza kazi, hoteli ya kwanza kabisa, bosi alitukataza kuuliza hilo swali. Alisema bia ya moto ni ya washamba, kila kitu kiingie kwenye friji, na mteja akiomba ya moto umwambie imeisha. Nikamwamini. Miaka mingi nimewahudumia watu bia iliyoganda mpaka chupa inanata kwenye vidole, na mzee akiniomba ya moto namwangalia kama mtu ambaye hajui anachokitaka. Leo naomba niliseme hili mbele yenu kwa moyo wote: wale wazee walikuwa wanajua kitu ambacho mimi sikukijua, na chupa zilizopo hapa mezani ndizo zilizonifundisha.

Ziko 6. Mdogo wangu wa mwisho anasoma Uskoti, karudi likizo, kazifunga ndani ya masweta kwenye begi na hakuna hata moja iliyopasuka njiani. Kila chupa ni mililita 330. Tuko watu 22. Nimepiga hesabu, kila mtu anapata mililita 90 tu, na hizo nimezigawa mara mbili kwenye hivi vikombe vidogo vya kahawa ambavyo vijana wa kahawa pale Sokomatola wameniazima, Mungu awabariki. Chupa 3 zimelala kwenye friji tangu jana. Chupa 3 zimekaa hapa mezani, za moto. Msiguse kwanza! Nataka mjue mnaonja nini.

Bia yenyewe inaitwa Traquair House Ale. Traquair ni nyumba, jumba la kale kusini mwa Edinburgh karibu na mji mdogo wa Innerleithen, na wenyewe wanasema ndiyo nyumba ya zamani kuliko zote Uskoti ambayo watu bado wanaishi. Malkia Mary wa Uskoti alifika pale mwaka 1566. Mbele ya jumba kuna geti kubwa lenye sanamu za dubu, na lile geti limefungwa tangu 1745. Sababu ni kwamba mwaka ule mwanamfalme wa ukoo wa Stuart, Charles, alipita pale wakati anapigania kurudisha ufalme wa ukoo wake, na mwenye nyumba alipomsindikiza akalifunga akaapa halitafunguliwa mpaka Stuart akae tena kwenye kiti cha ufalme. Charles alishindwa vita. Geti halijafunguliwa mpaka leo, watu wanaingia kwa njia ya pembeni. Mdogo wangu kaenda kaliona kwa macho yake, majani yameota mbele yake.

Sasa ndani ya jumba hilo, chini ya kanisa lao dogo la familia, kulikuwa na chumba cha kupikia pombe. Zamani majumba makubwa kule yalijipikia pombe yenyewe kwa ajili ya familia na wafanyakazi, kama ambavyo kila kaya ya Ileje ilikuwa na chungu chake. Kuna sufuria kubwa la shaba liliwekwa pale mwaka 1739. Baadae kazi ya pombe ikasimama, chumba kikageuka stoo ya kutupia makorokoro, na miaka mingi ikapita hivyo. Ndo akaja bwana mmoja mwenye nyumba hiyo, Peter Maxwell Stuart, akatoa makorokoro, akakuta vyombo vya mababu vipo vizima, na mwaka 1965 akaanza kupika tena. Fikirieni jamani, chombo cha 1739. Mtu mwingine angekiuza chuma chakavu. Yeye aliwasha moto. Alipofariki mwaka 1990 binti yake Catherine akaendelea na kazi, na mpaka leo pombe inachachuliwa kwenye mapipa ya mti wa mwaloni, yaani mbao kabisa, wakati viwanda karibu vyote duniani vimehamia kwenye matanki ya chuma kisichoshika kutu.

Kwahiyo ni kiwanda kidogo. Ukikilinganisha na kile cha TBL hapa Iyunga ni kama jiko la mama lishe na jiko la jeshi. Na sisemi hivyo kudharau Iyunga, kiwanda kile kimeajiri ndugu zetu, nasema ili mjue ukubwa wa chungu.

Kuna kitu kingine nimekipenda sana kwenye bia za Waskoti, nacho ni majina. Zamani karne ya 19 waliziita kwa shilingi. Bia ya shilingi 60, bia ya shilingi 70, bia ya shilingi 80. Ilikuwa bei ya pipa zima, na kadiri bia ilivyokuwa na nguvu ndivyo bei ya pipa ilivyopanda, kwahiyo mtu akitaja shilingi ameshakwambia ukali. Na walikuwa wanaandika 60/-, 80/-, na mkistari pembeni, sasa nendeni mkaangalie ubao wowote wa bei hapa Mwanjelwa, tunaandika 3000/= na vijistari vyetu viwili. Ni ule ule mkono! Shilingi ililetwa Afrika Mashariki na Waingereza mwaka 1921, sisi tukatengeneza ya kwetu ya Tanzania mwaka 1966, alafu wao wenyewe wakaiacha ya kwao mwaka 1971 walipobadilisha hesabu za pesa. Wameiacha mfukoni ila wameibakiza kwenye bia, maana mpaka leo Edinburgh unaweza kuingia baa ukaomba ya themanini na ukaeleweka. Ile ya 60 ni nyepesi, kilevi hakifiki hata asilimia 3 na nusu, ya 70 inakaribia 4, ya 80 inaanzia hapo 4 kwenda juu. Alafu zipo kubwa zenyewe, nzito, kuanzia asilimia 6 na nusu mpaka 10, hizo wanaziita wee heavy, maana yake ni nzito ndogo, kwasababu zilikuwa zinauzwa kwenye vichupa vidogo. Hii ya leo iko kwenye kundi hilo la wakubwa. Ina asilimia 7.2. Laga nyingi mnazouza kaunta ziko kwenye 5 hivi, kwahiyo vijana wa bodaboda mliokuja, vikombe viwili hivi vidogo alafu basi, na kabla ya kuondoka kuna ugali na maharage pale nyuma.

Sasa tuje kwenye kimea, na hapa naomba mama zangu mnisaidie nikikosea.

Mama yangu mzazi ni Mndali wa Ileje, alikuwa anapika kimpumu, pombe yetu ya ulezi. Mimi nimelelewa na ulezi. Nakumbuka unalowekwa, unachujwa, unafunikwa na majani ya mgomba na gunia juu, na sisi watoto tunakatazwa kufunua funua, alafu siku mama akifunua kile kitu kimeota vijimizizi vyeupe vimeshikana kama mkeka na kinatoa harufu fulani tamu, harufu ya ubichi na ya udongo wa mvua. Anakianika juani, anakisaga. Hicho ndo kimea. Nilipokuwa mdogo niliiba unga wa kimea nikaulamba mkavu, ni mtamu! Na ulezi wa kawaida hauna ule utamu. Mnajua ulitoka wapi? Punje inapoanza kuota inatengeneza vimeng'enya, vitu vinavyokatakata wanga na kuugeuza sukari ili mche mchanga upate chakula. Mpishi wa pombe anausubiri mche uanze, alafu anaukausha ukiwa njiani, anachukua yeye ile sukari.

Waskoti wanafanya jambo hilo hilo kabisa kwa shayiri. Wanaloweka, wanaotesha, wanakausha. Tofauti ni kwamba sisi tuna jua na wao jua wanalisikia kwenye redio, kwahiyo wanakausha kwa hewa ya moto ndani ya tanuri, na ukichezea moto wa tanuri unapata kimea cha rangi ya asali, au cha kahawia, au cheusi tii. Kwenye hii ya Traquair karibu yote ni kimea cheupe cha kawaida, shayiri iliyokaangwa ni kidogo mno, ya kutia rangi tu. Na kwa ujumla kwenye hizi bia za Kiskoti kimea ndo mwenye nyumba. Lile ua chungu linaloitwa hopsi, ambalo ndilo linalozipa bia uchungu, lipo ila limekaa nyuma. Bia nyingi za viwanda vidogo vya Marekani siku hizi hopsi ndo inaongea, ukinusa unapata machungwa na majani, na mimi siwazuii wanaozipenda. Ila mtu wa Mbeya ukimpa bia yenye hopsi nyingi anakunja uso, ukimpa ya kimea anatikisa kichwa taratibu, nimeliona hilo mara nyingi sana.

Na kimea kwao ni kitu cha kufa na kupona. Uskoti iliungana na Uingereza mwaka 1707, na mwaka 1725 serikali ya London ikaamua ushuru wa kimea nao Waskoti walipe. Ushuru wa kimea jamani! Glasgow pakachimbika, watu waliingia barabarani, wakaivamia nyumba ya mbunge wao waliyeamini ameiunga mkono sheria ile, Daniel Campbell, wakaiharibu vibaya, mpaka askari wakaletwa. Mama zangu mnaolipa ushuru wa soko kila siku mnajua ninachokizungumza.

Niwasahihishe kitu kimoja haraka. Kuna watu, hata wahudumu wa hoteli kubwa, wanasema bia ya Uskoti lazima inukie moshi. Hapana, hiyo ni wiski, tena baadhi ya wiski, ambazo shayiri yake inakaushwa kwa moshi wa mboji, ule udongo mweusi wanaochimba wakachoma kama kuni. Bia yao ya asili haina huo moshi. Mteja akikuuliza usimdanganye.

Na lingine ni hili jina eli. Bia hizi ni eli, na karibu zote tunazouza sisi ni laga. Tofauti kubwa iko kwenye hamira. Hamira ya laga inapenda baridi, inafanya kazi polepole, inatoa bia safi nyepesi. Hamira ya eli inapenda joto kidogo na inaacha nyuma harufu harufu za matunda. Waskoti mara nyingi wanaiweka eli yao upande wa ubaridi ubaridi, kwahiyo matunda hayapigi kelele, kimea kinabaki kusikika. Guinness mnaijua, ile ni ya ukoo wa eli, ndo maana mzee anayekunywa Guinness ya moto huwa haoni shida yoyote.

Haya, chukueni kikombe cha kwanza, cha friji. Nusa kwanza. Nani kapata harufu?

Naona mnaangaliana. Ni kidogo sana eeh? Sasa onja, funda dogo, libaki mdomoni usimeze haraka haraka. Mnapata nini? Dada kule nyuma anasema baridi. Ni kweli, kitu cha kwanza ulimi unachoripoti ni baridi. Kaka anasema uchungu kidogo na pombe. Na mwingine anasema kama laga nyeusi. Sawa. Wekeni pembeni, msikimalize, bakizeni kidogo chini ya kikombe tutakirudia.

Sasa cha pili. Cha moto. Kabla ya kunusa kiinue kwenye taa uone rangi. Kwa juu kinaonekana cheusi lakini ukikilaza kidogo pembeni pana wekundu, kama chai ya Rungwe iliyokolea kwenye glasi. Kishikeni kwa viganja viwili kama mnavyoshika uji asubuhi. Dakika moja. Ndio, dakika nzima, tutasubiri.

Nuseni sasa.

Nimesikia mama kasema "haaa." Mama sema kwa sauti. Sukari iliyoungua, kasema sukari iliyoungua! Hiyo hapo. Mwingine? Zabibu kavu. Tende. Mdogo wangu wa Makete anasema plamu zilizoiva mpaka ngozi imekunjamana, aisee, hiyo ni sahihi kuliko maneno yote niliyoandaa kwenye karatasi hii, maana mimi nilikuwa nimeandika tu matunda makavu. Na kuna harufu ya mbao, mmeipata? Tulivu, kavu, ile ya kabati la bibi ukilifungua. Sio mbao za paini za Mafinga zinazonukia utomvu, huu ni mwaloni, mti mgumu, na pombe imekaa ndani yake.

Onjeni. Utamu unaanza, ganda la mkate uliookwa kwa kuni, kisha asali nyeusi, kisha katikati unakauka kidogo, kuna ukakasi ule wa chai, na mwisho kabisa kifua kinapata joto. Uzito wake mdomoni mmeuona? Unakaa. Ukimeza bado upo. Mimi mara ya kwanza nilikaa na funda moja nikahesabu, nikafika ishirini na kitu bado kimea kinanijia puani.

Na vikombe vyote viwili vimetoka kwenye bia moja, begi moja, tarehe moja. Kilichobadilika ni friji tu. Baridi kali inaufanya ulimi ufe ganzi, na harufu nazo hazinyanyuki kutoka kwenye kinywaji, zinabaki zimelala mle ndani. Rudieni sasa kile cha kwanza mlichokibakiza, kimeshapata joto la chumba. Si mmeona? Kimeanza kuamka. Sasa fikirieni yule mteja aliyelipa hela nyingi kwa bia ya namna hii, ukamletea imeganda, na glasi nayo umeitoa kwenye friza, umemwibia nusu ya alicholipia na wala hukukusudia.

Kule kwao bia kama hii wanainywa kwenye nyuzi 10 hadi 14 hivi. Mwangalieni huyu kipima joto niliyemning'iniza ukutani tangu mchana: 13. Yaani chumba hiki cha Mbeya, Julai, bila kufanya chochote, ndo stoo yao wanayoitafuta. Mtu wa Dar akitaka kuinywa vizuri lazima aipeleke kwenye friji alafu aitoe aisubiri. Sisi tunafungua tu. Ndo nikawakumbuka wale wazee niliowanyima ya moto, na mmoja hasa, alikuwa fundi saa, alikuwa ananiambia "mwanangu, baridi inaficha," na mimi nacheka nampelekea ya friji. Ameshafariki. Natamani ningempa hiki kikombe.

Na tena sisi tuna pombe ya moto kweli kweli, sio ya mezani tu. Kimpumu ya mama yangu ule ulezi uliochachuka unawekwa kwenye chungu, maji ya moto yanamiminwa juu, watu wanakaa kuzunguka kila mtu na mrija wake, na wanavyovuta wanaongea. Maji yakipungua yanaongezwa ya moto mengine. Fundi wa kimpumu anaweza kukwambia ulezi huu uliwahi kuanikwa au ulipata mvua, kwa mvuto mmoja wa mrija. Mimi nimemsikia baba mdogo akisema kimea hiki kimezidi siku moja, na mama akanyamaza maana kweli kilizidi. Huo ni uonjaji. Huko Uskoti mtu anasomea hilo, anapewa cheti. Wa Iringa nanyi mna ulanzi, ile pombe ya mianzi, mnajua mtogwa, ulanzi mbichi, wa asubuhi ulivyo mtamu na jioni ulivyoanza kukolea, mnajua mwezi gani wa masika unatoka mzuri, mtoto wa kule anatofautisha bila kufundishwa darasani.

Maneno mnayo pia. Nimesikiliza hapa dakika kumi zilizopita: ukakasi, ugwadu, uchachu, kukolea, kupoa, kuiva, kuchacha. Semina moja niliyohudhuria tulipewa karatasi ya maneno ya kuonja, yote ya kigeni, tukaambiwa tuyakariri, na kulikuwa na matunda kwenye ile karatasi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuyaona. Sasa mtu atanusaje tunda ambalo hajawahi kulishika? Ndo maana plamu ya Makete imenifurahisha hivi. Kwenye baa zenu mteja akiuliza hii ikoje, mwambieni kwa vitu anavyovijua, mwambieni ganda la mkate, mwambieni sukari iliyoungua chini ya sufuria, atakuelewa na ataagiza.

Kuna kijana ameuliza kabla sijaanza kwamba je, bia kama hii inaweza kupikwa huku kwetu. Nimejibu kwa kichwa tu, sasa nijibu kwa mdomo. Hali ya hewa tunayo. Julai ya Mbeya na Julai ya Edinburgh mchana hazijapishana sana, tuko juu karibu mita 1,700. Ufundi wa kimea tunao, uko kwenye mikono ya hawa wamama. Hopsi hatuna, ila bia ya namna hii haitaki nyingi, na hata wao Traquair hopsi yao ni ya Kent, kule kusini kabisa mwa Uingereza. Shayiri itabidi utafute na kimea chake ujifunze upya maana ni punje nyingine. Kinachotusumbua ni usafi wa vyombo na vibali, nayasema wazi, kupika bia ya kuuza kunataka leseni na vipimo, usianze kwenye ndoo uani alafu ukamwuzia mtu. Lakini kiwanda kidogo chenye sufuria moja, watu watatu au wanne, kimea cha shayiri na cha ulezi ndani ya pipa moja? Mimi nakiona. Nikifunga macho nakiona kabisa kiko wapi, na naomba Mungu nikinywe kikombe chake cha kwanza nikiwa bado na meno.

Basi vikombe mmemaliza. Kijana, vikusanye, vioshwe kwa maji ya moto, sabuni kidogo sana na visuuzwe vizuri maana sabuni inaua povu, alafu virudi mezani. Mama wa Ilomba ametuletea dumu la komoni, imeiva leo asubuhi, mahindi na kimea cha ulezi, na nimemwomba asiipoze wala asiongeze kitu. Tutaionja vile vile, rangi kwenye taa, viganja, dakika moja ya kusubiri, pua, funda dogo, na kila mtu aseme anapata nini.

Mama, njoo ukae hapa kwenye kiti changu. Ndaga fijo, asante sana. Kabla hatujamimina, tuambie wewe mwenyewe, kimea ulikiotesha siku ngapi?